Kiangazi cha Bata Walionyonyoka

Rusinga,
16 Januari 1994

Kwako dada yangu Bonareri,

Natumaini umzima, wewe na shemeji Machuki na watoto wote. Huku tunaendelea vizuri. Scovia anakusalimu, ingawa kwenye kadi yako ya Krismasi hukumtaja. Shule imefunguliwa, nami nimepewa darasa la sita: wanafunzi hamsini na wanane kwa madawati kumi na tisa. Mvua hakuna. Mahindi ya Scovia yamekauka yakabaki fimbo.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Jumapili iliyopita nilishuka ziwani nyuma ya kilima, mahali ambapo maji yameingia nchi kavu kama kidole na matete yakaziba mlango. Niliwakuta bata bukini, wale wa kahawia wenye doa kuzunguka jicho kama waliopigwa ngumi. Unawajua, mtu akikohoa tu wameshapaa. Safari hii hawakupaa. Walikimbia, Bonareri! Walikimbia kwenye tope kama akina mama waliochelewa ibada, wakajitupa majini, wakawa wanayapiga maji kwa vijiti viwili vitupu. Mbawa hazina manyoya. Yale makubwa ya kurukia yamedondoka yote, kwa kila mmoja wao. Nilihesabu zaidi ya ishirini.

Wavuvi wanasema ziwa lina sumu. Wengine wanasema ni dalili mbaya na wapigwe marungu kabla hawajaleta ugonjwa. Lakini niliokota manyoya yaliyokuwa yakielea, nikayapapasa mashina. Hayakuvunjika. Ni kama yameachiliwa. Nadhani ndege hawa wanabadilisha nguo, na ninataka kupiga picha tangu bawa likiwa tupu hadi siku watakapopaa, niwaonyeshe watu.

Kamera ya Baba bado inafanya kazi. Nakutumia filamu kwa mkono wa Phelesia, yule anayeleta dagaa wa omena soko la Kehancha. Isafishe wewe mwenyewe. Na tafadhali, usinitumie picha tu. Niandikie unachokiona, kila kitu, hata kidogo.

Nduguyo,
Kerosi


Kehancha,
3 Februari 1994

Kaka Mwalimu,

Salamu zako zimefika zikinuka omena. Sisi ni wazima. Machuki yuko kwenye tumbaku kuanzia asubuhi, anarudi macho mekundu kwa moshi wa kukaushia. Mimi studio imejaa. Tangu tupewe wilaya yetu kila mtu anataka picha ya kitambulisho, na wazee wa Kikuria wanakataa kuvua kofia. Msalimie wifi.

Nilisafisha filamu yako Jumanne. Unajua chumba changu cha giza ni ile stoo ya zamani, na mashine ya kukuza picha inawaka tu injini ya kinu cha jirani ikiunguruma. Nilisubiri watu walete mahindi. Kinu kikaanza, nikamulika karatasi, nikaiweka kwenye beseni la dawa.

Kwanza lilitokea jicho. Halafu shingo. Halafu kifua na lile doa lake la katikati. Nikangoja bawa. Kaka, nilidhani dawa imeisha nguvu! Nilitikisa beseni, nikahesabu mpaka sitini. Bawa halikuja. Mahali pa bawa kulikuwa na kifundo kama kiwiko cha mtoto mchanga, na ndege mwenyewe ananitazama kama mfalme, hana aibu hata kidogo. Nimepiga picha maharusi miaka kumi na moja na sijaona mtu anayesimama hivyo mbele ya kamera akiwa amekosa kitu.

Nikachukua kioo cha kukuzia. Ulitaka vidogo, haya: kwenye ukingo wa kile kifundo kuna mstari wa vijiti, vimepangwa kama penseli mpya ndani ya boksi. Nimehesabu kumi. Kila kimoja kimefungwa kwenye ala yake, na kwenye ncha ya kijiti cha tatu ala imepasuka, unyoya umechungulia kama brashi ya rangi.

Hawaugui. Wanaota upya. Waambie hao wenye marungu.

Picha nane zimetoka. Nyingine zina ukungu, pengine ulikuwa unahema.

Bonareri


Rusinga,
13 Februari 1994

Dada,

Amani iwe nyumbani kwako. Barua yako imesomwa hapa mara tatu, na mara ya mwisho Scovia aliacha sufuria jikoni. Yale maneno ya penseli ndani ya boksi niliyapeleka darasani. Nikawapeleka wanafunzi wote hamsini na wanane mpaka juu ya kilima, wakalala kifudifudi, wakatazama kimya. Hamsini na wanane, kimya! Siku ya pili wazazi wawili walikuja kuniuliza kama ni kweli. Marungu hayajaonekana tena.

Nimetambaa mpaka ndani ya matete, hatua tano kutoka kwao. Nawasikia wakichana manyoya kwa midomo, sauti kama mtu anayepekua Biblia haraka. Wakila nyasi nasikia zinavyokatika. Bonareri, katika maisha yangu yote sijawahi kukaa karibu hivi na kitu ambacho hakinihitaji.

Nimepiga filamu nzima. Ndani yake yumo pia furukombe, yule mwenye kichwa cheupe anayelia juu ya ziwa. Mwangalie mbawa na uniambie. Nilidhani naye ana mapengo.

Unaonaje ukija Aprili? Barabara ya kuingia kisiwani ni nzuri, hutapanda mtumbwi.

Kerosi


Kehancha,
6 Machi 1994

Kaka,

Habari za huko? Mama mkwe aliugua malaria, amepona. Aprili siwezi kuja, tumbaku inapimwa, na ibada za pasta mgeni ni wiki nzima. Usinihesabu.

Furukombe ana mapengo, ndiyo. Amepanua mbawa juu kabisa na mwanga umepita katikati ya manyoya, unaweza kuyahesabu kama meno. Upande wa kushoto limekosekana la nne kutoka nje. Nikatazama kulia: la nne. Sikuamini, nikaikunja picha katikati, bawa juu ya bawa, nikaiinua dirishani. Pengo juu ya pengo, sawasawa. Bata anaangusha yote mara moja kwa sababu anaweza kujificha majini akila nyasi. Huyu asiporuka hali, kwa hiyo anaachia moja huku na moja huku, asiinamie upande. Nani alimfundisha? Nilimwita Machuki, akatazama, akavua kofia. Machuki!

Sasa neno jingine, na usikasirike. Filamu ina picha thelathini na sita. Zilizo safi ni nne tu, zote za mbali, zile ambazo lenzi unaigeuza mpaka inapogota, bila kulenga kwa jicho. Bata walio hatua tano wote ni ukungu, lakini matete yaliyo nyuma yao yanaonekana kila jani. Wewe ndiye uliyenifundisha kulenga, nikiwa na miaka tisa. Nina maswali, Kerosi. Unayaona maandishi haya?

Bonareri


Rusinga,
29 Mei 1994

Kwa Dada Bonareri,

Salamu nyingi baada ya kimya kirefu. Samahani kwa miezi hii. Mvua ya masika ilinyesha, na Posta ya Mbita unaijua. Mkono huu si wangu; nyigu aliniuma kidole na kimevimba, kwa hiyo ninamtamkia Scovia na yeye anaandika.

Bata walipaa tarehe kumi na mbili Machi. Sikuwepo, nilikuwa kwenye mkutano wa walimu. Watoto wanasema walizunguka ghuba mara mbili kisha wakaenda upande wa Mfangano. Mwakani wakirudi nitakuwepo.

Kuhusu swali lako, kamera imezeeka. Lenzi ina kuvu ndani. Sioni sababu ya kulizungumzia zaidi.

Wasalimie wote.
Kerosi

Wifi, mistari hii ni yangu mimi Scovia. Amekaa mbele yangu na anadhani naandika salamu za watoto. Haoni. Hakuna nyigu. Ana ukungu mweupe kwenye macho yote mawili, la kulia limekuwa kama maziwa. Barua zako ninamsomea mimi tangu mwaka jana. Darasani anafundisha kwa vitabu alivyovikariri. Ukimgusia daktari anatoka nje. Ninakuandikia wewe kwa sababu yeye anakuogopa wewe. Yale maneno makali uliyoniambia jikoni siku ya maziko ya Mama, mimi niliyaacha palepale. Njoo.


Kehancha,
19 Juni 1994

Kaka,

Pole kwa nyigu. Huku sote wazima na tumbaku imeuzwa.

Nimefikiri juu ya ile kamera yenye kuvu na nimeona ni bora nije niikague mwenyewe. Shule zikifungwa Agosti nitakuwa kwako siku nne. Nataka pia kuwaona hao ndege kwa macho yangu, maana nimechoka kuwaona kwenye beseni.

Na huyo anayekuandikia barua: nashukuru kwa mwandiko wake mzuri. Kila neno alilolitia nimelipata. Mwambie nina deni la maneno kwake, na nitakuja kulisema kwa mdomo, jikoni kwake, si kwenye karatasi.

Bonareri


Kehancha,
25 Agosti 1994

Kaka yangu Kerosi,

Nimefika salama. Samaki mliyenifungia amefika pia, na watoto wamegombania kichwa. Wifi Scovia, unayesoma hii, usiruke hata mstari mmoja, tafadhali. Soma yote kwa sauti.

Kerosi, asubuhi ile ya Jumatano ulinipeleka kwenye ghuba. Ulitembea mbele yangu bila kujikwaa, nami nikaanza kujiuliza kama Scovia amekosea. Sikujua kwamba umeihesabu njia hatua kwa hatua. Tulipofika ulisema, "Tulia. Yule pale, tawi la juu la ule mti mkavu. Bawa lake limejaa sasa, unaona?" Kisha ukainua kamera ya Baba.

Furukombe alikuwa ameshaondoka. Aliruka tulipokuwa bado kwenye matete, akapita juu yetu chini kabisa, kivuli chake kilikufunika uso na hukupepesa jicho. Ulipiga picha tatu za mti mtupu. Ukaniuliza, "Umemwona?" Nikasema, "Nimemwona." Nilisema hivyo kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka uisikie sauti yangu ikisema maneno marefu.

Sikukwambia pale. Ninakwambia sasa kwa sababu kwenye barua huwezi kutoka nje ukaniacha nimesimama.

Najua unachokiogopa. Nilikuwepo Baba aliporudi kutoka hospitali na bandeji, na nilikuwepo walipoifungua. Alikaa miaka minane akitazama ukuta. Mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono kwenda chooni, wewe ulikuwa chuoni. Kwa hiyo usidhani naongea kirahisi. Lakini Baba alikwenda amechelewa, jicho limeshakufa kwa presha ndani. Nilimuuliza muuguzi wa hapa, nikamweleza habari za macho yenu, yako na ya Baba. Amesema lako likiwa ni mtoto wa jicho peke yake, linatolewa kama punje. Wakikuta kama la Baba watakwambia kabla ya kukugusa. Madaktari wa macho watakuja hospitali ya misheni mwezi wa kumi, wiki mbili tu.

Wale bata, ulilala kifudifudi ukawasikiliza wakichana manyoya. Uliniandikia jambo ambalo sijawahi kulisoma popote. Nataka uwaone. Sitaki kuwa nakuandikia ndege wako mpaka tuzeeke.

Wifi, asante kwa kunisamehe kabla sijamaliza sentensi.

Bonareri


Rusinga,
11 Septemba 1994

Bonareri,

Naandika mwenyewe, mistari itapanda na kushuka. Scovia hajui ninachosema.

Ulinitazama nikipiga picha mti. Wewe na yeye mlikaa jikoni mkinipanga kama mzigo. Wiki mbili sikuzungumza na mtu hapa nyumbani.

Juzi mwanafunzi alisoma ubao, akasema, "Mwalimu, umeandika juu ya maandishi mengine." Wenzake wote walisikia. Hawakucheka. Walikuwa wanajua, Bonareri. Hamsini na wanane walikuwa wanajua, na walikuwa wananifichia kwa mwalimu mkuu.

Nitakwenda. Jicho moja tu, la kulia. Likifa nibaki na lingine.

K.


Wodini, hospitali ya misheni,
14 Oktoba 1994

Dada,

Scovia anaandika, mimi nimelazwa chali. Walipima presha ya jicho wakasema haina neno. Kisha walinichoma sindano nikawasikia wakizungumza juu ya mpira wakati wananikata. Jana bandeji ilifunguliwa. Daktari aliuliza, "Unaona nini?" Nikasema naona bluu.

Ilikuwa ni ukuta. Ukuta wa wodi ni mweupe, wanasema, lakini kwangu ulikuwa na bluu ndani yake kama alfajiri. Shuka, bluu. Koti la daktari, bluu. Amesema macho yangu yalikuwa yamefunikwa na ukahawia kwa miaka mingi na sasa rangi zinaingia bila kubisha hodi. Wamenipa miwani mizito kama kitako cha chupa ya soda. Nilipoivaa nilimwona Scovia. Nilimtazama mpaka akaona haya, akaniambia nitazame dirishani. Nikatazama dirishani. Kulikuwa na mbayuwayu kwenye waya wa umeme, mkia wake umekosa unyoya mmoja wa upande. Nililia, wakanikataza kulia.

Hapa Scovia anasema yeye hakuona haya. Ni uongo.

Kerosi


Rusinga,
19 Februari 1995

Bonareri mpendwa,

Hujambo? Shemeji hajambo? Nimefurahi kusikia umepata mashine mpya na kwamba hungoji tena kinu cha jirani. Hapa mwalimu mkuu ameniachia darasa langu, limekuwa la saba. Jicho la kushoto nitafanyiwa upasuaji Juni.

Walirudi. Tarehe nane Januari manyoya ya kwanza yalionekana yakielea ghubani, nikajua. Nimekwenda kila jioni baada ya shule kwa wiki tano, na mara nyingi Scovia amenifuata. Nikwambie mimi sasa, kwa kuwa ni zamu yangu. Ala za manyoya mapya zina rangi ya bluu-kijivu, kama mshipa wa damu mkononi mwa mzee, kwa sababu damu inapita ndani yake. Ikipasuka, unga mweupe unaanguka, ndege anapiga chafya. Nimeona unyoya ukiongezeka kila siku kiasi cha upana wa ukucha wangu. Ukikaa hatua tano kutoka kwao kwa saa mbili unaanza kuona haya kupumua kwa kelele.

Jana saa kumi na moja jioni walikuwa thelathini na mmoja mchangani. Upepo ulitoka ziwani. Jike mmoja alisimama akazipanua mbawa, na sijui kama wewe uliwahi kuliona hili kwenye picha zako zisizo na rangi: juu ya bega kuna weupe mkubwa, na chini ya weupe kuna kijani kinachowaka kama kioo. Sikujua. Miaka arobaini na saba nimeishi na ndege hawa, sikujua wanaficha kijani. Alikimbia upepo ukimjia usoni, hatua sita, saba, miguu ikachapa maji, nikasema moyoni atarudi chini kama juzi. Hakurudi. Maji yalimwachia.

Wakamfuata wote. Bonareri, thelathini na mmoja kwa pamoja! Sauti ilikuwa kama mtu anayekung'uta mashuka mengi. Walipita juu ya vichwa vyetu karibu sana, matone ya miguu yao yalitunyeshea, na niliyaona manyoya yote, kila moja, na hakuna hata moja lililokosekana.

Nilipiga picha moja. Nakutumia filamu, lakini nikuonye mapema: ndani yake utaona mgongo wa Scovia, na kitambaa chake cha kichwa, na mikono yake yote miwili juu. Alikimbia akasimama mbele ya lenzi. Hakukumbuka kwamba niko.

Isafishe hivyo hivyo, na uikuze kubwa. Usiikate popote.

Kakako,
Kerosi